Mkono wa Baridi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wote mnaoishi chini ya paa moja, na kwamba goti lako la kushoto limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, hatujambo. Mume wangu anakohoa kidogo lakini anakula vizuri, na mtu anayekula vizuri mimi simhesabu mgonjwa. Binti yangu anakusalimu. Anasema bado anayo ile sketi uliyomshonea, ingawa siku hizi haimpiti hata magotini.

Sasa, dada, toa mguu kwenye cherehani ukae vizuri. Nina habari, na nimeshindwa kuivumilia mpaka tuonane. Tangu juzi naongea peke yangu jikoni, mpaka mume wangu akaniuliza nagombana na nani. Nikamwambia sigombani, nafurahi. Akasema basi nifurahi polepole, majirani wanasikia.

Lakini lazima nianzie mwanzo. Nikianzia mwisho utaniambia yale ya zamani, kwamba mimi Kidokozi wako nimeanza kuchovya kidole kabla chungu hakijaiva.

Unamkumbuka Mchomaji, yule bwana wa tanuri aliyepewa ufunguo wa bekari ulipoondoka wewe. Kwa miaka kumi na moja alifungua mlango yeye. Mwaka huu macho yamemchoka, amekwenda kupumzika kwa wanawe, na Bosi akaniita akanikabidhi ufunguo mimi. Nilifurahi, usiseme! Nikautia kamba nikauvaa shingoni, nikawa wa kwanza kuingia kila alfajiri. Nawasha taa, nachota ndoo yangu ya maji pale bombani, nakoroga hamira, nasali kidogo juu ya beseni kama mama alivyotuzoeza, ndipo nakanda. Wenzangu huingia baadaye, kila mmoja na beseni lake.

Siku ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Ilikuwa siku inayofuata mapumziko, tanuri ndiyo kwanza linawashwa, na unga wangu ukaumuka mpaka ukasukuma kitambaa. Siku ya pili ukalala. Si kulala kidogo, dada. Ulikaa kwenye beseni kama mtu aliyenuna. Nikasingizia hamira, lakini wenzangu walikuwa wamechota kwenye mfuko huohuo na unga wao ulipanda vizuri tu. Nikakanda mwingine saa nne, nao ukaumuka bila shida. Siku ya tatu hivyohivyo: wa alfajiri umelala, wa saa nne umeamka. Siku ya nne hivyohivyo. Najua hapa moyo wako umeshaanza kwenda mbio, maana hadithi hii unaijua kuliko mimi.

Ngoja nikutajie wenzangu, wamekuja baada yako. Mmoja tunamwita Tosha, baba mnene anayepima kila kitu kwa jicho na kusema inatosha. Mwingine ni Bi Pazia, ambaye maisha yake yote ameamini kwamba unga huuawa na upepo, na ametundika mapazia mpaka kwenye dirisha la choo. Siku ya tano Tosha akamnong'oneza Bi Pazia, na mnong'ono wa Tosha ndio sauti ya watu wengine wakiita mtu ng'ambo ya barabara. Akasema mambo yamerudi, mkono wa baridi umerudi. Akasema alihadithiwa na Mchomaji, ni ugonjwa wa ukoo, dada mtu alikuwa nao na sasa umemshika mdogo mtu. Alfajiri mkono una baridi, unaua hamira. Ukishafanya kazi unapata joto, ndiyo maana unga wa saa nne unaumuka. Bi Pazia akauliza, na ile siku baada ya mapumziko je? Tosha akajibu papo hapo kwamba siku ile mkono ulikuwa umepumzika. Hapo ndipo palikuwa na ubaya wa neno lile, dada. Lilikuwa na jibu la kila swali.

Na mimi nililiamini. Nilianza kukalia mikono yangu garini nikienda kazini ili niipashe joto.

Bosi akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Alisema hanifukuzi, atanihamishia kwenye kufungasha mikate. Lakini wewe na mimi tunajua maana yake. Wewe pia hukufukuzwa, ulihamishiwa kwenye kufungasha, na ulikaa siku sita.

Basi, mikate ya alfajiri ndiyo inayokwenda shule ya jirani, na huja kuichukua mwalimu wao wa sayansi, mama mwembamba ambaye miwani yake ameifunga na uzi. Asubuhi moja akarudi na mkate mmoja kwapani, akaulaza mezani na kuuliza ni nani aliyeukalia. Tosha akamweleza kwa heshima zote habari ya mkono wa baridi. Mwalimu hakucheka. Akauliza tumejuaje. Tosha akasema tunajua tu. Akauliza kama tumewahi kupima. Tosha akasema imepimwa miaka kumi na moja, mama, wewe unataka mingapi?

Mwalimu akaomba ruhusa kwa Bosi. Alisema yeye hajui kukanda hata chapati ya kulisha kuku, lakini anajua kuuliza. Akataka unga kidogokidogo kwenye mabakuli sita, tukande kila mtu mawili, tuyaache saa moja, halafu tuyaangalie. Tu. Alfajiri iliyofuata akatusimamia tukikanda, kisha akaenda zake kufundisha.

Dada, ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Mwalimu alipotoka tu, tukaanza kuhangaika na yale mabakuli. Nilipoona yangu yananuna nikayasogeza karibu na tanuri, nikayatilia na sukari kidogo. Tosha akanionea huruma, akaniongezea hamira nikiwa nimegeuka. Bi Pazia akayafunika kwa blanketi na kunivutia pazia. Mwalimu aliporudi, mabakuli yote sita yalikuwa yamejaa pomoni, na sisi watatu tunashangilia, kila mtu akidai ni dawa yake iliyoponya. Nilisema ni sukari. Tosha alisema ni hamira, yeye ndiye aliyeninusuru. Bi Pazia alisema hamuoni blanketi?

Mwalimu akakaa juu ya gunia, akavua miwani akaifuta. Akauliza, haya, ni nani kati yenu aliyeponya? Tukaangaliana. Akatuambia maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya kalenda ya jikoni: nyinyi mnataka mkate, mimi nataka jibu. Akasema kila anayejua sana kazi yake ana shida hiyo, mkono wake hauwezi kuuacha unga ufe. Lakini unga wetu tukiuokoa kila mara, hatutajua kamwe unauawa na nini. Tubadili kitu kimoja, vingine vyote tuviache kama vilivyo, hata kama roho inauma.

Usidhani yeye alikuwa malaika. Yeye naye alikuja na lake. Aliamini ni vijidudu vilivyojificha kwenye nyufa za beseni langu, kwa sababu ndivyo anavyofundisha darasani kila mwaka. Siku tatu nzima alinisuguisha beseni kwa maji ya chumvi na brashi mpaka kucha zikaniuma, na siku zote tatu unga ukalala palepale. Tosha akamuuliza kwa upole mwingi kama vijidudu vimeshatoka au tuviandikie barua. Mwalimu akacheka, akasema amepatikana, na yeye alikuwa anatafuta pale tu alipozoea kutafuta.

Na sala yangu je? Hilo lilinisumbua. Nilimuuliza Mwalimu kama nikisalia beseni moja nisisalie lingine nitakuwa nimebadili kitu. Akafikiri, kisha akasema nisalie yote sawasawa. Nikasalia yote. Lakini Mungu ananiona, dada, la kwangu nililirefushia.

Ndipo Mwalimu akaleta wazo la kubadilishana. Nije alfajiri kama kawaida, nichote, nikoroge hamira, nipime unga na chumvi, kisha nisimame kando, na Tosha akande kwenye beseni langu. Mimi nikande kwenye beseni aliloandaa Tosha. Vitu vibaki mahali pake, mikono ndiyo ihame. Tosha alikubali haraka kama mtu anayekwenda kusifiwa. Alikanda huku anaimba.

Baada ya saa moja tukafunua. Unga niliokanda mimi, kwa mikono hii hii, ulikuwa umepanda kama mto wa kulalia. Wa Tosha ulikuwa umelala.

Tosha akaubonyeza kwa kidole, akaubonyeza tena. Kisha akageuka akatangaza kwamba yeye hana mkono wa baridi, mkewe ni shahidi, watu wamuulize mkewe! Bi Pazia alicheka mpaka akashikilia pazia likadondoka. Mimi sikucheka. Nilikwenda stoo, nikakaa nyuma ya mifuko, nikalia. Sikulia kwa ajili yangu. Nililia kwa ajili yako, na sababu yake nitakuambia huko mbele, kwa hiyo usiiache barua hii.

Kama si mkono, ni nini? Tukabadilisha kimoja kimoja, kila alfajiri kitu kimoja. Nikatumia unga wa Bi Pazia: umelala. Chumvi yake: umelala. Beseni la Tosha: umelala. Mwalimu alichora mistari kwenye karatasi na kutia alama, na siku za mwisho wa mwezi zinakaribia. Kitu kimoja tu hatukukigusa, nacho ni maji. Bomba ni lile lile moja kwa sisi sote. Tena mimi nilisema maji yangu ndiyo mazuri kuliko ya wote, kwa sababu ndoo ya kwanza hutoka na joto, na mama alitufundisha kwamba hamira ni kama mtoto mchanga, inapenda joto. Bi Pazia akaitikia. Tosha akaitikia. Mwalimu naye akaitikia, hata vitabu vyake vinasema hivyo. Watu wanne tusioelewana kwa lolote, hapo tukaelewana, na kumbe ndipo shida ilipokuwa imejificha!

Juzi zilikuwa zimebaki siku mbili. Alfajiri hiyo nilipiga magoti karibu na beseni nikaona aibu. Wiki zote hizo nilikuwa namwambia Mungu afanye unga uumuke, kana kwamba Yeye ndiye mkandaji wangu. Nikabadili maneno. Nikasema, Mungu wangu, nionyeshe kilichopo, hata kama ni mkono wangu.

Nikasimama, nikachota ndoo. Kwa kawaida huyachukua maji kwa kata na kumimina moja kwa moja juu ya hamira, naikoroga kwa mwiko, vidole haviingii kabisa. Lakini siku hiyo neno la mkono wa baridi lilikuwa limenikaa sana kichwani, nikaona kabla ya kukanda niupashe moto kwanza. Nikautumbukiza wote mpaka kwenye kifundo.

Dada, niliruka! Nilipiga ukelele Bi Pazia akiwa ndiyo kwanza anaingia, naye badala ya kuniuliza nimepatwa na nini akakimbia kufunga dirisha. Maji yalikuwa ya moto kweli. Si vuguvugu, moto wa kuunguza. Nikasimama pale mkono mwekundu, nikaufuata ule mrija wa chuma kwa macho, kutoka bombani, ukutani, mpaka unapopita nyuma ya tanuri. Tanuri halizimwi usiku, linaachwa na makaa. Maji yanalala humo mgongoni mwake mpaka asubuhi. Wa kwanza kuchota anayapata yote. Wa pili anapata ya kutoka nje, baridi na salama. Na siku ya mapumziko tanuri linazimwa, maji hayapati moto, na mkono unasemwa umepumzika!

Mwalimu alipofika nilitaka kumwambia, akanizuia, akasema tusiseme, tupime. Ndoo ya kwanza tayari ilikuwepo, bado inafuka mvuke. Tukachota ya pili. Mabakuli mawili, unga mmoja, chumvi moja, hamira moja, mkono mmoja, huu wangu uliobabuka. Sala moja, fupi, sawasawa. Tukakaa kwenye magunia tukisubiri. Bi Pazia alinyoosha mkono mara mbili avute blanketi, na mara mbili akaurudisha mwenyewe akaukalia.

Tukafunua. La maji ya kwanza limelala. La pili limejaa mpaka linamwagika. Nilimkumbatia Mwalimu miwani ikakatika uzi. Tosha alimkumbatia Bosi, ambaye hajakumbatiwa na mtu bekari hapo kwa kumbukumbu zangu zote. Bosi akauliza mbona basi miaka kumi na moja hakukuwa na tatizo, na sote tukakumbuka kwa pamoja: Mchomaji! Kila alfajiri, akishafungua, alichota ndoo ya kwanza akaenda kuoga uani. Alikuwa anaoga balaa letu, na akitoka akituhadithia habari za mkono wako.

Kwa hiyo hukuwa na mkono wa baridi, dada. Kosa lako lilikuwa kuwahi. Ulikuwa na ufunguo, uliingia kabla ya watu wote, ukachota maji ya kwanza, na uliyapenda kwa sababu yalikuwa na joto kama mama alivyosema.

Sasa nifikie lile nililokuomba usubiri. Nimeliandika na kulikata mara tatu.

Umeishi miaka yote ukiamini kwamba ni Mchomaji aliyekupachika lile neno. Ndiyo maana mlipokutana kwenye msiba wa mama ulimpa mgongo, naye masikini hakujua kosa lake. Si yeye, dada. Yeye alilisikia tu. Ni mimi. Bosi aliniita, akaniuliza, kwa kuwa ni mdogo wako, kama ninajua kwa nini unga wako unalala. Siku zile mama alikuwa mgonjwa na hakuwa akila mkate ila uliokandwa na wewe, na mbele yangu alisema mikono yako ni yake mwenyewe. Ilinichoma. Nikamwambia Bosi, kwa mzaha wenye meno, kwamba dada ana mkono wa baridi tangu utotoni. Unajua nililitoa wapi? Nilikumbuka ulivyokuwa ukiniamsha, unanitia viganja vyako vya baridi shingoni mpaka nacheka usingizini. Nililichukua jambo hilo, la upendo, nikalifanya kuwa neno hilo.

Tena Bosi akanituma nichunguze, na nikachunguza kwa namna yangu. Nilihesabu unga uliolala. Ulioumuka sikuuhesabu, nilisema mkono umepumzika, umebahatika. Jibu la Tosha si lake, ni langu, lilimfikia kwa mdomo wa Mchomaji. Nililitunga mwenyewe, na miaka ilivyopita nikaliamini mwenyewe, mpaka lilipogeuka likanijia mimi. Na kwenye msiba, wanawake wote walipokaa kukanda, wewe uliosha vyombo siku tatu, mikono majini, hukugusa unga. Nilikuona. Nikanyamaza.

Nimeshamwambia Bosi mbele ya wote. Akasema kwa kweli hata yeye hakuuliza swali la pili. Anakuomba radhi, anasema atakuja mwenyewe. Mimi nimemwomba Mungu msamaha, lakini najua hili haliishii Kwake, lazima lipitie kwako.

Ndani ya bahasha utakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne. Ni hamira, vijiko viwili, kutoka mfuko uleule tuliopimia. Sikuombi unijibu kwa maneno. Chukua mabakuli mawili. Moja litie maji ya moto usiyoweza kuyavumilia, la pili maji ambayo ukitia mkono unaweza kuhesabu mpaka kumi taratibu. Vingine vyote viwe sawa. Kanda yote mawili kwa mikono yako, uyaache saa moja, usiyaokoe. Mara ile nilikuambia jambo juu ya mikono yako ukaniamini. Safari hii, dada, nakusihi usiniamini. Pima.

Msalimie shemeji, mwambie nasubiri picha ya bustani yake aliyojisifia. Wasalimie wanao mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Mume wangu anakupa mkono, kwa kikohozi na kwa furaha. Mungu akulinde, akulindie na goti lako.

Nikiwa bado na harufu ya unga kwenye nywele, ndimi mdogo wako unayenidai,

Kidokozi